Kabla hujafungua kozi mpya

Mwalimu, umeuliza kama chuo chenu kifungue kozi ya uchomeleaji kwa kuwa utabiri wa ajira unaonyesha mafundi watahitajika. Kwanza tazama nafasi zinazoachwa na wanaostaafu au kubadili kazi. Mara nyingi huzidi zile zinazoletwa na ukuaji wa sekta, na watu huzisahau. Hata Marekani hutoa makadirio ya ajira ya miaka 10 na kuyapitia upya kila mwaka, kwa hiyo nanyi msiushike utabiri wenu kama amri. Kisha nenda karakana zenyewe. Muulize msimamizi: kijana akianza kesho, atakwama wapi? Akisema "kusoma mchoro", huenda mnahitaji somo moja tu, si kozi nzima. Na tafadhali, wapigieni simu wahitimu wenu wa mwaka juzi mjue wanafanya kazi gani.