Amoksilini iliyobaki kabatini

Pole kwa kuuguza, dada. Umeuliza kama mwanao wa miaka miwili, mwenye mafua na kikohozi siku ya tatu, umpe ile amoksilini ya maji iliyobaki tangu mwezi wa tatu.

Usimpe. Kwanza chupa yenyewe: dawa ya unga ikishachanganywa na maji hukaa wiki moja hadi mbili tu, soma boksi. Hiyo imwage. Halafu mafua huletwa na virusi, na antibiotiki kama amoksilini haiui virusi, inaua bakteria. Utamharisha mtoto bure, na bakteria watakaosalia mwilini ndio wale walioizoea dawa. Alexander Fleming, mgunduzi wa penisilini, alilionya hilo mwaka 1945, nasi bado tunanunua vidonge vinne vya rangi mbili dukani kama pipi!

Kinachonihangaisha ni kifua. Akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, mpandishe fulana utazame tumbo likipanda na kushuka, uhesabu dakika nzima kwa saa ya simu. Kwa umri wake, pumzi 40 au zaidi ni dalili ya nimonia. Zikifika hapo, mpeleke kituo cha afya leo. Kifua kikibonyea chini ya mbavu anapovuta hewa, akishindwa kunywa au akipata degedege, usihesabu chochote, kimbia naye usiku huohuo. Akipimwa wakampa antibiotiki, mmalizie siku alizoandikiwa hata akianza kucheza.

Kama anapumua vizuri, mpe maji, uji na kijiko kidogo cha asali.