CT haikuonyesha uvimbe, mbona bado wanataka kuweka kamera?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mama yangu alifanyiwa upasuaji wa saratani ya ovari mwaka jana. Sasa tumbo limeanza kujaa. Ultrasaundi imeonyesha maji, lakini majibu ya CT (picha za eksirei zinazounganishwa na kompyuta) yanasema hakuna uvimbe ulioonekana. Daktari wake anataka kumwingiza kamera tumboni. Je, CT haitoshi? – Msomaji, Morogoro.

JIBU: Marahaba. Majibu hayo hayasemi kwamba saratani haipo. Utando wa ndani ya tumbo, yaani peritoneo, ni mwembamba mno, umejikunja na kufunika viungo vingi, na saratani ya ovari hudondosha humo chembe za saratani zinazosafirishwa na maji ya tumboni hadi chini ya kiwambo upande wa ini, kwenye pazia la mafuta linaloning'inia mbele ya utumbo, na nyuma ya kizazi. Huko huota kama punje. Punje zikishavuka sentimita 1, CT huziona vizuri; zilizo chini ya milimita 5 huzikosa mara nyingi, hasa zikiwa zimeganda kwenye utumbo mwembamba.

MRI, yaani picha za sumaku, ikipigwa kwa namna inayofuatilia mwendo wa chembe za maji ndani ya tishu, huweza kufichua baadhi ya punje hizo, ila huchukua muda mrefu, na utumbo ukichezacheza picha huvurugika. PET-CT hutumia sukari yenye mnururisho, ambayo saratani nyingi huinyonya kwa wingi na hivyo kuonekana kwenye picha. Nayo hupitwa na punje ndogo sana, pamoja na saratani za aina inayotoa ute.

Lipo jambo jingine, na kwa maoni yangu ndilo zito zaidi kwetu: kifua kikuu cha tumbo nacho huleta maji na punje kwenye utando, na hata kupandisha CA-125, kipimo cha damu kinachotumika kufuatilia saratani ya ovari. Hakuna picha inayoweza kutenganisha kifua kikuu hicho na saratani kwa uhakika. Kamera humwezesha daktari kuona utando wenyewe na kukata kinyama cha kupimwa maabara, ingawa makovu ya upasuaji wa awali yanaweza kumzuia kufika kila mahali, na hilo mumwulize mapema. Mwulizeni pia kama maji yamekwisha kuchukuliwa na kupimwa, nanyi mpeleke CD ya picha za mwaka jana, si karatasi ya majibu peke yake, ili mtaalamu wa radiolojia azilinganishe na hizi mpya.