Mlipeni mkulima siku anayovuna

Kwa miaka sita nimekuwa mtu wa Nairobi wa chama chetu cha ushirika cha maembe kule Makueni. Napokea mzigo Marikiti, soko kubwa la mazao mjini, nautafutia wanunuzi, natuma pesa nyumbani. Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kandara, ambaye kikundi chao cha maparachichi ndio kwanza kinajipanga, alinipigia akauliza: tuanze na kanta, yaani lori dogo, letu wenyewe, na chumba cha baridi, au na soko la nje? Nilimjibu harakaharaka nikiwa sokoni, na tangu siku hiyo jibu lile halijaniridhisha. Kwa hiyo naliandika upya, kwake na kwa wengine walio mahali pake.

Msimu wetu wa kwanza akili yote tuliiweka kwenye usafiri na bei. Tulipata mnunuzi mzuri, supamaketi moja hapa mjini, aliyetoa karibu mara mbili ya bei ya dalali. Tukashangilia. Ila pesa zake zilikuja baada ya siku sitini, mara nyingine tisini. Wiki ya kwanza kanta ilifika imejaa. Wiki ya tatu ilifika nusu, na mnunuzi akaanza kutukata kwa kutotimiza kilo tulizoahidi. Nikapanda matatu hadi nyumbani nikiwa na hasira, niwaulize wanachama mbona wanauza pembeni.

Mama mmoja mwenye miti kumi na minne aliniketisha kivulini, akanipa maji, kisha akasema, "Mwanangu, dalali ananipa nusu ya bei yenu, lakini ananipa leo. Shule zinafunguliwa Jumatatu."

Kilele cha maembe yetu ni Januari, na karo nayo ni Januari. Mambo hayo mawili nilikuwa nimeyajua tangu utotoni, lakini sikuwahi kuyaweka pamoja.

Tumezoea kumwita dalali mnyonyaji, na bei zake mara nyingi ni za kunyonya kweli. Lakini tazama kazi anayoifanya. Anakuja na vijana wake wa kuchuma, anakuja na kreti zake, analipa hapo hapo. Wengine hununua matunda mti ukiwa bado na maua, wakati nyumba haina kitu kabisa. Ushirika unaotaka kumwondoa njiani lazima uifanye kazi hiyo yote, na sehemu ngumu kuliko zote ni kulipa leo.

Msimu wa pili tulianzisha mfuko wa kulipia. Tulikata shilingi mbili kwa kila kilo, tukaongeza hisa za wanachama, tukaziweka kwenye akaunti ya peke yake yenye watia sahihi watatu. Pesa hizo hazinunui mafuta ya gari wala posho ya mkutano. Mkulima akishapima, anapewa karatasi ya kilo zake na malipo ya awali kwa M-Pesa kabla ya jioni. Yanayobaki anayapata mnunuzi akilipa. Malipo yale ya awali tuliyaweka sawa na bei ya dalali. Yakiwa chini yake, watu wanauza pembeni. Yakiwa juu sana, siku bei ikianguka Marikiti chama ndicho kinachobeba hasara.

Hesabu yake ni rahisi, na ningeomba kila kikundi kiifanye kabla ya kusaini mkataba wowote. Chukulia mnavuna tani mbili kwa siku na mnalipa shilingi 15 za awali kwa kilo. Hizo ni shilingi 30,000 kila siku. Mnunuzi akilipa baada ya siku saba, mfuko unahitaji shilingi 210,000. Akilipa baada ya siku thelathini, unahitaji 900,000. Embe ni lile lile, mti ni ule ule. Ndiyo maana siku hizi, mnunuzi akinitajia bei, swali langu la pili ni atalipa lini, na kama jibu ni la kuzungukazunguka naendelea na safari yangu. Wanaolipa kwa kuchelewa hatuwapi zaidi ya theluthi ya mzigo. Unaobaki unakwenda kwa akina mama wa matunda na watengenezaji wa juisi wanaolipa palepale, hata kama bei yao iko chini.

Msimu wa tatu mfuko uliisha siku ya tisa. Tulisimamisha uvunaji siku nne badala ya kuchukua maembe kwa ahadi. Iliuma, maana embe lililoiva halingoji, na baadhi yalioza. Hata hivyo, wanachama waliona kwamba neno letu ni neno, na msimu uliofuata hakuna aliyelazimika kubembelezwa.

Nyinyi wa parachichi mna nafuu hapo. Parachichi haliivi likiwa mtini, kwa hiyo likikomaa linaweza kungoja. Lakini shida ya pesa ndiyo hiyo hiyo inayowafanya watu wavune machanga, na machanga hayo yakifika ng'ambo yananyauka badala ya kulainika. Serikali imekuwa ikifunga msimu wa kuuza nje mwishoni mwa mwaka kwa sababu hiyo. Kwa maoni yangu, marufuku pekee haimzuii mtu mwenye njaa. Malipo ya awali yanamsaidia kusubiri.

Mambo ya mikono nayo hukubalika zaidi mkulima akiwa na imani na chama. Tulipoanza kulipa siku hiyo hiyo, watu walikubali kuchagua matunda, kuchuma embe na kikonyo ili utomvu usiunguze ganda, na kuacha magunia wakatumia kreti. Tunapakia jioni jua likishapoa, ili nipokee mzigo saa tisa usiku. Jua likichomoza Marikiti na kreti bado ziko garini, bei imeshaanza kushuka. Chumba cha baridi hatuna. Tuna kibanda cha kuta mbili za matofali chenye mchanga katikati unaomwagiliwa maji, na kwa hewa kavu ya kwetu kinatosha kulaza mzigo usiku mmoja au miwili. Isitoshe embe halipendi baridi kali; chini ya nyuzi kumi na mbili hivi ganda linaingia madoa.

Soko la nje liache lije baadaye. Kenya ilisimamisha yenyewe kuuza maembe Ulaya mwaka 2014 kwa sababu ya nzi wa matunda, ikarudi 2021. Mitego ya nzi hao ipo, na watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu pale Kasarani, wameifanyia kazi miaka mingi. Lakini mtego mmoja kwenye shamba moja haufai kitu kama jirani ameacha maembe yaliyoanguka yakioza chini ya mti. Inabidi kijiji kizima kiyazike, na kazi hiyo ya kila asubuhi hutaiomba kwa mtu unayemdai uvumilivu wa siku tisini.

Kwa hiyo kijana wangu, kanta kodisheni kwanza. Fanyeni ile hesabu ya kilo, shilingi na siku mkiwa mmekaa wote, na wenye miti michache wawepo, maana wao ndio watakaokuwa wa kwanza kuuza pembeni. Jumamosi yoyote kabla ya Machi niko tayari kuja Kandara. Nitakuja na daftari letu la msimu wa kwanza, mwone wiki ya tatu ilivyokuwa.