Kabla ya kuchora bomba, ulizia maji

Nyie mnaoanza kazi ya usanifu wa mabomba, hesabu iliyoniumbua mimi ilikuwa ya makaa ya mawe, tena hapa hapa Tabora, ambako kiangazi kila ndoo ina bei yake. Kwenye mafunzo tulipewa zoezi: tani moja ya makaa yaliyosagwa isafirishwe kwa bomba kama rojo, nusu makaa nusu maji. Nikagawa kwa ujazo. Kumbe hiyo nusu ni ya uzito! Makaa ni mazito kuliko maji, tani yake hujaza kama mita za ujazo 0.74 tu, tani ya maji ni mita ya ujazo moja kamili. Nilikuwa nimepunja maji robo nzima. Mwalimu akaniuliza, "Hiyo robo tukuchotee bwawa la Igombe?" Darasa zima likaangua kicheko.

Sasa chukueni chupa ya soda, tieni mchanga na maji, tikiseni, wekeni mezani. Mkihesabu hamfiki kumi, mchanga umeshatulia chini. Ndivyo rojo linavyofanya pampu zikizimika, na likishaganda humo mtajuta. Kwa hiyo lazima kuwe na akiba ya maji matupu ya kulisukuma lote nje. Wageni wa kazi hii karibu wote huisahau.

Bomba la Black Mesa huko Arizona, Marekani, lilianza 1970. Kilomita 439 hadi kituo cha umeme cha Mohave, Nevada, makaa takriban tani milioni 4.5 kwa mwaka, na maji yakivutwa kutoka chini ya ardhi ya Wanavajo na Wahopi, wenyeji wa asili wa huko, nchi kavu kuliko yetu. Nusu kwa nusu kwa uzito, maji nayo ni tani milioni 4.5; gawanyeni kwa siku 365: mita za ujazo kama 12,000 kila siku. Mtu akitumia lita 50, hayo yanatosha watu 240,000. Wahopi walilalamika kwamba chemchemi zao zinapungua. Bomba lilifungwa mwishoni mwa 2005.

Kuna mwenzetu alipendekeza maji ya chumvi, kama yale ya Uvinza. Wazo si baya, ila chumvi hula chuma, na inayobaki kwenye makaa inakwenda kuharibu tanuri.

Mkiambiwa maji yatarudi yalikotoka, ulizeni yatarudi kwa njia gani. Mohave waliyakamua kwenye makaa wakayatumia kupozea mitambo, basi. Kuyarudisha kunataka bomba la pili na pampu zake, na gharama hiyo iandikwe ukurasa wa kwanza, isifichwe kwenye kiambatisho.