Jibu kwa mwalimu wa Malindi: mkoko haujipandi kama mkuki

Mwalimu, nimesoma swali lako na majibu ya wenzangu waliotangulia. Unasema wanafunzi wako huko Malindi wanakariri kwamba mbegu husambazwa na wanyama, upepo na maji, kisha wanashindwa kutaja hata mmea mmoja wa nyumbani kwao. Tena umeuliza kama ni kweli kwamba mbegu ya mkoko hujichoma yenyewe matopeni kama mkuki. Mimi ni mtu wa Lamu, na nimeshughulika na kitalu cha mikoko kwa miaka 9. Nitaanza na hilo la mwisho, kwa kuwa kulielewa vibaya kulinigharimu.

Mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mti, ndani ya tunda lake, ikatoa kijiti cha kijani kinachoning'inia miezi kadhaa na mara nyingi kuzidi nusu mita kabla ya kuachia. Muia na mkandaa, ambayo ni aina nyingine za mikoko, hufanya vivyo hivyo, ila vijiti vyao ni vifupi zaidi. Kijiti kikianguka wakati maji yametoka na tope ni laini, huenda kikasimama palepale, na hapo ndipo ilipozaliwa hadithi ya mkuki. Vingi nilivyoviona, hata hivyo, huanguka maji yakiwa yamejaa, au hulala juu ya mizizi mpaka maji yaje kuvichukua. Mwanzoni huelea vikiwa vimelala. Siku zikipita upande wa chini huwa mzito, vikasimama wima majini, na ncha ikigusa mahali penye kina kifupi na maji yaliyotulia ndipo mizizi inapoanza kushika.

Mwaka wetu wa kwanza hatukuyajua hayo. Tulijaza magunia, tukapanda ukingoni mwa mkondo, mahali peupe panapopigwa na mawimbi, katika siku za maji mafu, yaani yasiyojaa wala kupwa sana, ambapo kazi ilikuwa rahisi na bahari ilionekana mpole. Bamvua, yaani maji makubwa, lilipokuja, na Kusi, upepo wa kutoka kusini, inavuma, miche ikang'olewa kwa mamia. Iliyosalia ikatafunwa na kaa. Mzee mmoja aliyekata boriti ujana wake wote ndiye aliyetuonyesha kosa letu: alitupeleka nyuma ya mikoko mikubwa, kwenye vihori, yaani vijimkono vya bahari viingiavyo nchi kavu, vilivyojificha, akatuambia tutazame bahari yenyewe inapoziacha mbegu. Huko tukakuta miche iliyoota bila ya mkono wa mtu. Tangu hapo tunapanda karibu na mahali pa namna hiyo, na hasara imepungua sana. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na sehemu kubwa kabisa ya msitu huo ilipandwa na maji kujaa na kupwa.

Kila mti wa jamii ya mikoko una namna yake. Mbegu ya mchu ni kama harage lililobanwa, na huvua ganda lake baada ya kulowa majini. Mkomafi huzaa tunda la duara, kubwa kama mpira mdogo, ambalo likipasuka hutoa mbegu zenye pembe pembe zinazoelea. Wape wanafunzi wako wajaribu kuzipanga upya zirudi kuwa duara, utapata nusu saa ya utulivu darasani.

Nazi nayo huelea kwa wiki nyingi, kwa sababu makumbi yake yamejaa nyuzi na hewa. Hata hivyo usiwaambie watoto kwamba minazi ya mashamba yetu ililetwa na mawimbi. Hiyo ilipandwa na watu.

Kuhusu wanyama, mfano wa karibu zaidi ni mwarobaini. Mti huu ulitoka upande wa Bara Hindi, na leo unaota hadi katika nyufa za kuta za mawe. Ndege na popo hupenda nyama tamu ya tunda lake la njano, kisha hudondosha mbegu wanapotua. Mitini ya mwituni husafiri kwa njia hiyohiyo. Wapeleke wanafunzi Gede, mji uliohamwa katika karne ya 17, wakaone mizizi iliyoshuka juu ya kuta za kale: mbegu ndogo kama punje ya mchanga ilifika juu kule tumboni mwa ndege au popo. Mbuyu ni kinyume chake, kwani mbegu yake ina ganda gumu na buyu huhitaji mwenye nguvu wa kulivunja, kama nyani, tembo au sisi wenyewe. Kitaluni tunaimwagia maji yaliyochemka na kuiacha humo usiku kucha, na ndivyo tunavyolilegeza ganda ambalo tumbo la tembo lingelilegeza. Halafu kuna zile zisizolipa nauli: kishona nguo kinachonasa kwenye kanzu, na mbigili, ambayo kila mtoto wa Lamu aliyetembea peku mchangani anaijua kwa uchungu wake.

Upepo kwetu una mifano michache. Mvinje una mbegu ndogo zenye ubawa mwembamba, na msufi hupasua maganda yake na kuzitoa mbegu pamoja na sufi. Inatosha.

Ningependa pia wanafunzi wajue kwamba mmea mmoja unaweza kuwa na wachukuzi wawili. Kungu, tunda la mkungu, hubebwa na popo usiku, na likiangukia ufukweni huelea na kwenda zake. Kwa hiyo badala ya jedwali la safu tatu, wape ndoo ya maji ya bahari. Mwanasayansi Charles Darwin alifanya hivyo kule Uingereza: alilowesha aina 87 za mbegu katika maji ya chumvi, na baada ya siku 28 aina 64 zikaweza bado kuota. Watoto waweke kungu, mbegu ya mchu, ya mkomafi, ya mwarobaini na ya mbuyu; waandike kila siku ipi inaelea na ipi imezama, kisha wazipande zote. Ya mwarobaini iwe mbichi, iliyookotwa wiki hiyohiyo, maana ikikaa sana haioti, na mtailaumu chumvi bure.