Lekchara kaandika "chanzo?" kila aya, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo dada. Nasoma kilimo mwaka wa pili hapa Mbeya. Asaimenti yangu ya ukungu wa viazi imerudi nyekundu tupu, kila aya "chanzo?", na zile rejea tatu nilizopewa na akili bandia lekchara kazitafuta kasema hazipo duniani. Kaniambia tu nenda laibrari. Sasa nikifika nasemaje? Wiki ya kwanza walitutembeza mle tukaonyeshwa makabati, basi.
– Mwenye aibu, Uyole

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Aibu weka pembeni, hiyo mashine ikikosa jibu inatunga, tena inatunga vizuri, jina la jarida na mwaka juu, ndo maana kila rejea uitafute mwenyewe kwanza uione kwa macho.

Ile ziara ya wiki ya kwanza wala usijilaumu kuisahau, nani anakumbuka kitu ambacho hajakihitaji bado? Rudi sasa hivi na karatasi yako nyekundu hivyohivyo, mpe mkutubi, mwambie nimekwama hapa. Usiseme "naomba kitabu cha viazi" maana utapewa kitabu cha viazi kweli.

Najua ulichokuwa unaandika kwenye Google, sentensi nzima, "changamoto za ugonjwa wa ukungu kwa wakulima wa viazi mkoani Mbeya", sio? Vunja hiyo. Chukua jina la kitaalamu la kimelea kinacholeta ugonjwa huo, Phytophthora infestans, liweke ndani ya alama za kunukuu ili maneno yasitawanyike, ongeza Tanzania, basi. Hilo jina halibadiliki, aandike Mperu au Mchina. Ukipata makala moja nzuri nenda mwishoni kwenye rejea zake, hapo umepata nyingine ishirini bila jasho.

Halafu uliza kuhusu AGORA, ni ya FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa) tangu 2003, majarida ya kilimo ya kulipia ila chuo cha Tanzania kikijisajili kinasoma bure, na paswedi mara nyingi iko kwa mkutubi huyohuyo mnayempita mkikimbilia soketi.

Na lekchara naye (namsema kidogo), "nenda laibrari" sio somo. CR wenu (kiongozi wa darasa) amwombe siku ya kutoa asaimenti aje na mkutubi darasani, saa moja tu, kila mtu atafute mada yake palepale.

Wewe nenda asubuhi, mchana meza zote zina watu wanaochaji simu.