Maswali ya Wasomaji: Mazabodi ya Kompyuta ya Sebuleni

SWALI: Shikamoo fundi. Nina kompyuta niliyoiweka chini ya televisheni kwa ajili ya filamu. Prosesa ni Core i5-3470, RAM ni DDR3 ya GB 8, na hadidiski mbili zimejaa. Tangu tununue televisheni ya 4K, filamu mpya zinakwamakwama, feni inanguruma, na mama analalamika kwamba watu wanasikika kabla midomo haijafunguka. Nataka kubadilisha mazabodi na prosesa, ila RAM niihamishe. Kasha ni jembamba, linapokea mazabodi ya saizi ya micro-ATX. Nimeipenda Core i5-12400F. Nitakuwa nimepatia?
Msomaji wa sebuleni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla hujatoa hela, itazame tena hiyo herufi F mwishoni. Kwa prosesa za Intel maana yake ni kwamba sehemu ya kutoa picha haifanyi kazi. Ungefunga kila kitu vizuri, ukachomeka waya wa HDMI kwenye mazabodi, na televisheni ingebaki nyeusi mpaka ununue kadi ya picha, na kasha lako jembamba halipokei kadi yoyote tu.

Kinachokusumbua si nguvu. Prosesa yako ya mwaka 2012 ina kisimbuzi cha ndani, yaani sehemu maalumu ya kufungua video zilizobanwa, kinachoijua H.264, mtindo wa zamani wa kubana video, lakini filamu nyingi za 4K zimefungwa kwa mtindo mpya zaidi, HEVC ya biti 10, ambao hakiujui kabisa. Basi inazifungua kwa jasho, nukta zaidi ya milioni 8 kwa kila picha, picha 24 kwa sekunde. Huo ndio mngurumo unaousikia. Picha zikichelewa, sauti inatangulia, na mama ameliona hilo sawasawa.

Kwa hiyo chagua prosesa kwa kisimbuzi chake. Kwa Intel, HEVC ya biti 10 inasimbuliwa vizuri kuanzia kizazi cha 7, na AV1, ambayo video za intaneti zinazidi kuitumia, kuanzia cha 11. Core i3-12100 isiyo na F inazijua zote mbili, na kwa filamu inatosha kabisa. Ukipenda AMD, Ryzen 5 5600G ni nzuri lakini AV1 haiisimbui. Ningekusihi ubaki na hiyo i3.

Sasa mazabodi, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Watu hukagua chipu na rangi, wanasahau tundu la HDMI la nyuma. Niliwahi kufunga mazabodi ya bei ya chini kwenye televisheni ya 4K. Filamu zilikwenda vizuri, lakini mshale wa kipanya ulikuwa ukirukaruka, na mpira ulipopigwa uliacha mkia. Nilifungua kijitabu kwenye ukurasa wa matundu ya nyuma, nikakuta mstari mdogo: 4096 x 2160, Hz 30, yaani picha 30 kwa sekunde. Kumbe ni HDMI 1.4, ambayo kwa 4K haivuki Hz 30. Filamu ya picha 24 inapita humo bila shida, mechi ya picha 50 au 60 haipiti. Niliifungua yote nikaanza upya. Wewe soma ukurasa huo kabla ya kununua, na usikubali chini ya 4K kwa Hz 60, yaani HDMI 2.0 kwenda juu. Prosesa ikiwa na uwezo huo na tundu halina, aliyeshinda ni tundu.

RAM yako haihamishiki. Mazabodi za LGA1700, yaani zenye soketi inayopokea hiyo i3, hutengenezwa kwa DDR4 au kwa DDR5, na mkato wa kila aina umekaa mahali pake, hata ukilazimisha haiingii. Chukua ya DDR4, na vijiti viwili vya GB 4 badala ya kimoja cha 8, maana sehemu ya picha inakula kwenye RAM hiyohiyo na njia mbili zinaipa nafasi ya kupumua.

Feni ya zamani ya prosesa nayo iache. Matundu ya kuifungia yameachana milimita 75, ya LGA1700 ni 78. Pima kwa rula kutoka juu ya prosesa hadi kifuniko cha kasha ndipo uchague feni fupi. Pawasaplai ya wati 300 iliyo nzima inatosha, mradi ina plagi ya kawaida ya pini 24. Makasha ya kompyuta zilizounganishwa kiwandani mara nyingine yana plagi yao wenyewe.

Ukishatoa mazabodi ya zamani, angalia vile vijiguu vya shaba vilivyobaki kwenye bati. Kila kimoja lazima kikutane na tundu la skrubu la mazabodi mpya. Kilichobaki bila tundu kifungue, kikigusa mgongo wa mazabodi kitapitisha umeme pasipotakiwa.

Mwisho, ingia kwenye mipangilio ya televisheni yenyewe. Nyingi huliacha kila tundu la HDMI katika hali ya kawaida mpaka uliruhusu kupokea mawimbi kamili. Kisha kwenye programu ya kuchezea filamu, kama Kodi, washa ule mpangilio wa kulinganisha Hz za skrini na za filamu. Midomo ikiwa bado haijalingana na sauti, chelewesha sauti kidogokidogo mama akiwa ameketi hapo, yeye ndiye atakayekwambia imefika.